Nusu Sheria ya Watuama

Namna Bi Salima Semboja alivyofika Tuama haitusaidii kitu, maana njia ya kwenda huko haimo katika ramani yoyote, na wengi walioifuata hawakugundua kwamba wameondoka kwao. Tuseme tu kwamba alifika, Jumanne asubuhi, na mkoba wa spana begani na barua ya mwaliko yenye mihuri saba. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye viganja vipana, aliyetumikia karakana ya reli kwa miaka ishirini na sita akitengeneza breki za mabehewa. Barua ilimwomba alikague Gari la Taifa kabla ya Jubilei, kisha athibitishe kwa maandishi kwamba linapendeza.

Askari wa langoni alimtazama miguu.

"Unakuja, au umekwisha kufika?"

"Nimefika."

"Afadhali," akasema askari, akaandika daftarini: *Mtulivu.*

Mwenyeji wake alikuwa karani wa Bunge, Bwana Mbaruku, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni zisizokuwa na wino hata moja. Huyu ndiye aliyempeleka mbele ya Bunge, ambako juu ya mlango palichongwa Sheria Kuu ya nchi: KILA KITU KILICHOTULIA KITAENDELEA KUTULIA. Chini ya maneno hayo jiwe lilikuwa na kovu refu, kama mahali palipopigwa patasi kwa hasira.

"Hapo chini palikuwa na nini?" Bi Semboja akauliza.

Bwana Mbaruku aligeuka kuangalia nyuma, kushoto, kisha nyuma tena. "Nusu ya pili. Ilisema kila kinachokwenda kitaendelea kwenda, kwa kasi ileile na kwa njia ileile iliyonyooka, mpaka kani kutoka nje ikizuie au ikipinde. Waheshimiwa waliona ni uchochezi. Waliifuta siku moja, kabla ya chai."

"Na tangu hapo vitu vya hapa husimama kwa sababu gani?"

"Kwa adabu."

Hakuwa anatania. Ili kumwondolea mgeni shaka, karani alichukua kibao cha mlangoni akakisukuma sakafuni. Kibao kikaserereka hatua mbili, kikasimama. "Umeona? Hakuna aliyekigusa. Kimechoka, kikakumbuka nafasi yake katika jamii, kikatulia."

"Sakafu ndiyo iliyokigusa," akasema Bi Semboja. "Kilikuwa kinaisugua, nayo inakisugua. Ni msuguano tu, bwana karani. Mimi nimekula mshahara wa msuguano miaka ishirini na sita."

"Sakafu haina mamlaka ya kusimamisha kitu," karani akajibu kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto wa mwenzake. "Mamlaka hayo ni ya Waziri Mkuu."

Siku hiyohiyo walipita mahakamani, kwa kuwa ilikuwa njiani na kesi ilikuwa kubwa. Ukuta wa ghala la serikali ulishtakiwa kwa kumjeruhi diwani. Diwani mwenyewe alieleza, mkono ukiwa umefungwa bandeji, kwamba aliupiga ukuta ngumi moja kwa sababu zake binafsi, nao ukamrudishia. Daktari alithibitisha kuwa pigo lililomrudia lilikuwa na nguvu sawasawa na lile alilolitoa, si pungufu si zaidi. Hakimu alisema usawa huo ndio uliomsikitisha hasa, maana ukuta wenye malezi ungepokea tu na kushukuru. Akauhukumu viboko arobaini. Fimbo kumi na tisa zilivunjika, na kila iliyovunjika ikaongezwa kwenye hati ya mashtaka.

"Hukusema neno," Bwana Mbaruku alimwambia mgeni walipotoka.

"Nilikuwa nauhurumia ukuta," akasema.

Kesho yake alionyeshwa Gari. Lilikuwa limeegeshwa juu kabisa kilimani, mbele ya Ikulu, juu ya reli mbili zilizong'arishwa mpaka zikatoa mwanga. Lilijengwa kwa mninga, likazungushiwa sanamu za mawe za mawaziri wakuu wote tisa waliotangulia, na ndani lilikuwa na viti vya fahari thelathini na kimoja. Uzito wake haukujulikana, kwa kuwa kuupima kungekuwa kulishuku. Reli zilishuka mteremko mrefu, zikapita katika Uwanja wa Bendera katikati ya mlima, zikaendelea kushuka hadi Bondeni, soko la wafinyanzi, zikaishia kwenye vibanda vya vyungu.

Siku ya Jubilei, yaani Jumamosi, Gari lingesukumwa likiwa na Waheshimiwa wote ndani. Lingefika Uwanja wa Bendera, na hapo lingesimama lenyewe kwa heshima ya bendera.

Bi Semboja alilala chali chini ya Gari na taa mkononi. Akakaa huko muda mrefu. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Breki ziko wapi?"

"Breki ni nini?" akauliza Bwana Mbaruku.

Alimweleza. Karani alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba kwa sauti ya chini asilirudie neno hilo hadharani. Kufunga kifaa cha kulazimisha Gari la Taifa lisimame, alisema, ni kulitukana kwamba halingesimama kwa hiari yake.

"Na reli kwa nini zinafika mpaka sokoni, kama gari linasimama uwanjani?"

"Zilizidi kiwandani. Kuzikata kungeonyesha mashaka."

Bi Semboja aliomba kuzungumza na Bunge. Kwa bahati alikubaliwa Alhamisi, kwa kuwa wiki hiyo Bunge halikuwa na kazi. Lilikuwa likijadili kwa mwezi wa pili kama mto upitao mpakani unastahili kuombwa kibali. Waziri Mkuu Fumbwe, mtu mnene wa sauti nzuri, aliyekuwa na kiti hicho kwa miaka ishirini na miwili, alimkaribisha kwa tabasamu.

Mgeni hakuleta hotuba. Alileta ubao mrefu, mchanga, mkeka, sabuni na kipande cha mti. Akasukuma kipande juu ya mchanga: kikaenda shubiri moja. Akakisukuma kwa nguvu ileile juu ya mkeka: kikaenda hatua moja. Akaupaka ubao maji na sabuni, akasukuma tena kwa nguvu ileile, na kipande kikateleza ubao mzima, kikadondoka, kikaishia miguuni kwa mbunge wa upinzani, ambaye Tuama ilikuwa naye mmoja kwa ajili ya ukamilifu.

"Waheshimiwa," akasema, "mti ni uleule na mkono ni uleule. Kilichopungua ni kizuizi. Kadiri kizuizi kinavyopungua ndivyo kinavyokwenda mbali. Kama kisingekuwepo kabisa, kipande hiki kisingesimama maisha. Reli zenu zimeng'arishwa kuliko ubao huu, na zinateremka."

Mbunge mmoja akasimama, akasema kwa uchungu kwamba sasa ameelewa hatari iliyopo, akatoa hoja sabuni ipigwe marufuku. Hoja ikapita.

Bi Semboja hakukata tamaa upesi. Akamwomba Bwana Mbaruku achukue bakuli lililojaa maji, atembee haraka, kisha asimame ghafla. Karani akafanya hivyo. Maji yakaruka mbele, yakamlowesha Waziri wa Elimu.

"Miguu yake imesimama na bakuli limesimama," akaeleza, "lakini maji hakuna aliyeyasimamisha, basi yameendelea na safari. Kila kitu kina ukaidi huo. Kilicholala hakitaki kuamka, na kinachokwenda hakitaki kusimama. Sisi mafundi tunauita inesha. Na kadiri kitu kilivyo kizito ndivyo ukaidi wake ulivyo mkubwa."

"Tumeona maji yasiyo na nidhamu," akasema Waziri Mkuu Fumbwe, akishangiliwa. "Hatukuona zaidi ya hapo. Na kuhusu uzito, mama yetu mgeni ametusaidia bila kujua. Jambo jepesi hukimbia ovyo, jambo zito lina busara. Kwa hiyo Gari litasimama mapema kuliko tulivyodhani. Napendekeza tuongeze sanamu ya kumi."

Sanamu ya kumi ikapitishwa. Ilikuwa yake. Ikaundwa pia kamati ya kuchunguza hoja za mgeni, ikapewa miezi sita. Jubilei ilikuwa keshokutwa.

Jioni Bi Semboja alishuka Bondeni kwa miguu. Alikuwa na barua yake ya mihuri na angeweza kuondoka. Mtu yeyote mwenye akili angeondoka. Alifika kwenye kibanda cha kwanza, mahali reli zinapoishia, akamkuta mwanamke mrefu anakanda udongo. Jina lake Mama Siwatu, na ndiye aliyekuwa msemaji wa wafinyanzi, cheo ambacho hakukipata kwa kura bali kwa sauti.

"Jumamosi mtakuwa wangapi hapa?" Bi Semboja akamuuliza.

"Wote. Mia mbili na ushee. Tumeamriwa tujipange kando ya reli tupige vigelegele."

Bi Semboja akamwambia. Hakupamba. Mama Siwatu aliacha kukanda, akaufuata mteremko kwa macho mpaka juu, polepole.

"Nilijua," akasema. "Chungu kikikuponyoka huko juu unakiokota huku chini, kila mtoto wa hapa anajua. Ila sikuwahi kumsikia mtu mwenye barua ya mihuri akilisema. Haya dada, tufanyeje? Tujenge ukuta?"

"Ukuta usijenge! Gari litasimama papo hapo, lakini waliomo ndani hawatasimama. Watakufa, na vipande vitawaua ninyi. Mwendo mkubwa unanyang'anywa kidogo kidogo, mwenzangu. Ukichukua muda mrefu, kani inayotakiwa ni ndogo. Ukitaka papo kwa papo, inakuwa ya kuvunja mifupa. Nataka mchanga juu ya reli, mwingi, hatua sitini kabla ya kibanda cha kwanza."

"Mchanga tunao," akasema Mama Siwatu. "Na akina mama tunao."

Ijumaa kutwa walimwaga mchanga. Walipofikisha hatua sitini, reli zikiwa zimefukiwa, akaja Bwana Mbaruku na askari wawili, maana kumwaga kitu mbele ya Gari la Taifa ni kosa.

"Hili nini?" akauliza, ingawa aliliona na alilielewa.

"Zulia la heshima," Mama Siwatu akajibu bila kupepesa. "Sisi maskini hatuna la kufuma."

Karani alifungua kitabu cha itifaki. Shingo ilimtoka jasho. Mazulia yaliruhusiwa, tena yalipigiwa mfano, lakini zulia la waziri mkuu halikupaswa kuzidi hatua thelathini, kwani sitini ni za mfalme na nchi haikuwa na mfalme. Askari wakaagizwa waondoe nusu.

Bi Semboja alimshika mkono. "Bwana karani, wewe ulilishika lile bakuli. Unajua."

"Najua," akanong'ona. "Na kesho nitakuwa ndani ya Gari, kwenye kiti cha karani huko nyuma, naandika kumbukumbu. Nifanye nini?"

"Ukiona limepita bendera, ruka kabla halijapata kasi. Na ukiruka usijaribu kusimama! Mwili wako utakuwa bado unasafiri na Gari. Ruka ukielekea liendako, miguu iguse chini ikikimbia, kisha punguza taratibu."

Askari walizoa nusu ya mchanga. Bi Semboja alikaa juu ya mkoba wake wa spana, akapiga hesabu kwa kijiti mara tatu, na mara zote tatu jibu likawa baya. Mama Siwatu alimsogelea.

"Huo uliobaki hautoshi?"

"Utapunguza. Hautasimamisha."

Mama Siwatu alitazama lundo la udongo mbichi waliouchimba wafinyanzi kwa kazi ya miezi mitatu, laini, umelowekwa vizuri, uko tayari. Akashusha pumzi. "Itifaki haikusema lolote kuhusu udongo," akasema, akawaita wenzake. Mpaka jua linazama walikuwa wameusogeza wote, wakaujaza mwisho wa reli, kimo cha kifua.

Jumamosi saa nne, bendi ikapiga. Waheshimiwa wakapanda kwa ukubwa wa vyeo. Wanaume arobaini wakaegemeza mabega yao kwenye Gari, wakasukuma, na Gari likakataa. Wakasukuma tena; wakateleza wao kurudi nyuma, kwa sababu barabara ilikuwa imepakwa samli kwa ajili ya sherehe, na mguu usiopata ardhi ya kuisukuma haupati ardhi ya kuusukuma. Ikabidi waletewe majivu. Waziri Mkuu alitabasamu kwa watu. Kutokwenda kwa Gari, alitangaza, ni ushahidi wa Sheria Kuu.

Kisha likaenda.

Mwanzoni lilitambaa, na umati ukashangilia. Mteremko ukalishika. Lilipoingia Uwanja wa Bendera lilikuwa na kasi ya mtu anayekimbia, bendera ikapandishwa, askari wakapiga saluti, na Gari likapita katikati ya saluti bila kugeuka. Waziri Mkuu Fumbwe akasimama kitini, akanyoosha mkono, akasema kwa sauti yake nzuri, "Simama!" Alisema mara ya pili kwa ukali. Mara ya tatu alisema "Tafadhali."

Bwana Mbaruku akaruka. Alitua miguu ikikimbia, akakimbia hatua ishirini kama mwizi, akajikwaa, akachubuka goti, akainuka mzima. Ndani ya Gari mbunge mmoja alikuwa akiomba mwongozo wa Spika.

Chini kule Bi Semboja alikuwa amewaondoa wanawake wote kando ya reli, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwashika mabega. Vigelegele vilikoma. Gari lilikuja likinguruma, sanamu kumi zikitikisika, na Bi Semboja, aliyeyajua mabehewa, hakuwahi kuliona moja likija hivyo. Likaingia mchangani. Kelele ikabadilika ikawa ya kusaga meno. Moshi na vumbi vikapaa. Kasi ikashuka, ikashuka tena, hatua thelathini zikaisha, na Gari likajichoma katika udongo mbichi na kusimama.

Gari lilisimama. Waheshimiwa hawakuwa wamesimamishwa na mtu. Walitoka vitini kwa pamoja, kwa njia iliyonyooka, kimyakimya, majoho yamefunguka, wakapita juu ya sanamu zao na kutua udongoni, thelathini na mmoja, wengine kichwa kwanza.

Hakuna aliyekufa. Vibanda vitatu vilianguka, vyungu vya msimu mzima vikawa vigae, na Waziri Mkuu akavunjika mtulinga, mfupa wa begani. Wanawake wa Bondeni waliwachomoa mmoja mmoja, wakawafuta nyuso. Mama Siwatu aliwavuta sita peke yake. Alipomaliza alikaa chini kati ya vigae vyake, akalia kwa hasira.

Tume iliundwa Jumatatu. Iligundua kwamba Gari lilisimama lenyewe kwa heshima, isipokuwa lilichelewa. Hapo ndipo shida ilipoanza. Kama Gari lilisimama kwa adabu, basi Waheshimiwa walioendelea kwenda baada ya hapo waliendelea kwa utovu wa adabu. Na kama ni kweli walivyosema wao mbele ya Tume, kwamba hawakutaka kwenda bali walijikuta wanaenda, ina maana nusu iliyofutwa ni kweli. Ama sheria ina kosa, ama Bunge zima lina kosa. Walijadili siku tatu. Siku ya nne, wabunge thelathini walikiri kosa la kusafiri hewani bila kibali na kulipa faini. Ilionekana ni rahisi kuliko kubadili maandishi ya mlangoni.

Wa thelathini na moja, Fumbwe, alikuwa bado kitandani kule Ikulu. Alimwita Bi Semboja, akawatoa wauguzi.

"Keti, mama. Nataka nikwambie jambo ambalo nikiulizwa nitalikana." Alitazama dari. "Nilipokuwa hewani, niliamini."

"Uliamini nini, Mheshimiwa?"

"Nusu ya pili. Yote. Hakuna kitu kilichonishika. Nilikuwa nakwenda tu. Nilikuwa na muda wa kutosha kulifikiri."

"Basi irudishe. Agiza breki. Kuna watu mia mbili kule chini, na Gari wanalipandisha mlimani kwa ajili ya mwakani."

Waziri Mkuu alijaribu kuinua bega, likamuuma. "Nimekaa miaka ishirini na miwili pale pale. Unajua mwenyewe inavyokuwa. Kilichotulia—"

"—hubaki kimetulia," Bi Semboja akamalizia, "mpaka kani ya nje ikisukume."

"Ya nje. Ndiyo." Alifumba macho, uso wake mzito ukaonekana umechoka kweli. "Mimi mwenyewe sijiwezi, mama. Wenzangu wako ndani ya gari lilelile. Sasa nani atanisukuma?"

Bi Semboja alisikia kishindo, akageuka dirishani. Barabara ya mlima ilikuwa imejaa. Walikuwa wanawake wa Bondeni, mia mbili na ushee, wanapanda bila bendi na bila vigelegele, mikono bado ina udongo, na Mama Siwatu mbele yao, kigae mkononi. Pembeni alichechemea Bwana Mbaruku na patasi. Hawakuwa wanakwenda haraka, lakini walikuwa wengi, na hapakuwa na kitu barabarani cha kuwazuia.

Walipofika mlangoni pa chumba, Bi Semboja alikuwa amekwisha kusogeza kiti chake kando, asiwe njiani.